UZI: Bandari, mafungu na maajabu ya pwani yetu – panga safari kwa maji, si kwa tarehe ya likizo

Bamvua15 (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila Desemba na kila Pasaka jukwaa linajaa maswali ya "niende wapi pwani", na majibu huwa majina ya hoteli. Uzi huu ni wa bandari za kale na maajabu ya asili kuanzia Lamu hadi Msimbati. Naanza na jambo ambalo hoteli haikuambii: sehemu nyingi nzuri za mwambao huu zinafikika kwa saa tatu au nne tu kwa siku. Fungu la Maziwe (kisiwa cha mchanga mtupu) mbele ya Pangani likifunikwa na maji, hakuna cha kuona. Hori (mkono mwembamba wa bahari) la kuendea magofu ya Takwa huko Lamu likikauka, boti inakaa kwenye tope mpaka bahari itakapotaka yenyewe.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku ratiba inasogea mbele kama dakika 50. Bamvua hufika siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na bamvua kubwa za Machi na Septemba hukaribia mita 4. Maji mafu ni mwezi 7 au 8 na mwezi 22 au 23 (tarehe za mwezi wa Kiislamu), tofauti ni mita moja na kitu.

Uzuri ni kwamba bamvua za huku zina saa zake maalumu: maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maji mafu ni kinyume chake, kujaa saa 4, kupwa saa 10. Lamu, Mombasa, Unguja, Dar, Kilwa, zote zinakwenda karibu pamoja. Yanayochelewa ni maji ya ndani ya mahori na mito.

Hesabu ya haraka bila simu: chukua tarehe ya mwezi wa Kiislamu, toa 1, zidisha kwa dakika 50, jumlisha kwenye saa 10 alfajiri. Mfano mwezi 5: 4 mara 50 ni dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20. Maji yatajaa saa 1 na dakika 20 asubuhi na kupwa kama saa 7 na nusu mchana. Kuanzia mwezi 15 unaanza upya.

Mwenye kujua sehemu yake aiweke, na aseme wazi: maji gani, msimu gani, nini huharibika.

TungiLaMaji

Mkuu umeanza vizuri ila hesabu ya dakika 50 ni wastani tu. Karibu na bamvua maji huchelewa kidogo, dakika 40 hivi kwa siku. Yakifika mafu hupitiliza saa nzima. Ukijumlisha wastani siku saba mfululizo unaweza kukosea kwa dakika 40 hadi saa moja. Kwa kuchagua wiki ya safari hesabu hiyo inatosha. Kwa kuamua boti iondoke saa ngapi, tazama jedwali la maji. Mamlaka ya Bandari Tanzania hutoa la kwao na Kenya Ports Authority la kwao.

Jambo la pili: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti yote kwa 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu na mtu anaona bado ana muda mwingi. Saa ya tatu na ya nne ni sentimita 90 kila moja. Hapo ndipo watu huachwa kwenye fungu na viatu vinaelea. Ukienda fungu lolote, uwe umeshapanda boti kabla saa ya tatu baada ya maji kupwa haijaanza.

MtokaBara

Shukrani. Sisi ni familia, watoto wa miaka 7 na 10, tunatoka Dodoma, tunataka Tanga na Pangani wakati wa Pasaka. Maji yatakuwaje? Na mvua je?

Bamvua15

Pasaka haihitaji hata jedwali. Jumapili ya Pasaka huwekwa baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo wikiendi ile kila mwaka ipo ndani ya siku saba za baada ya mwezi mpevu. Tena ni mwezi mpevu wa kati ya 21 Machi na 18 Aprili, msimu wa bamvua kubwa. Mwezi mpevu ukianguka Alhamisi au Ijumaa Kuu, mmepata bamvua lenyewe. Ukianguka Jumapili ya wiki iliyotangulia, Pasaka inaangukia maji mafu.

Wa Idi nao wana yao: Idi el Fitri ni mwezi 1, siku zote bamvua, maji makavu saa 4 asubuhi. Idi el Hajj ni mwezi 10, maji hujaa karibu adhuhuri na kupwa jioni sana, kwa hiyo mafungu sahau, nenda sehemu za kuogelea.

Maziwe: liko kilomita kama 8 kutoka Pangani, ni hifadhi ya bahari. Hadi miaka ya 1970 kilikuwa kisiwa chenye mivinje, kasa wakitaga kwa wingi. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa, leo ni fungu tupu linalozama maji yakijaa. Mayai yanayotagwa pale huhamishiwa ufukweni Ushongo, vinginevyo yangeoza kwa chumvi. Bamvua ondoka saa 2 na nusu asubuhi, uwe fungu saa 4, kuogelea kwenye matumbawe pembeni, boti iondoke fungu kabla ya saa 6. Maji mafu yanapwa saa 10 jioni, fungu linatoka dogo, na mnarudi na upepo wa jioni. Kwa watoto usikubali safari hiyo. Hakuna kivuli hata cha mwavuli wa mtu mwingine: kila mtoto fulana ya mikono mirefu, kofia, na lita 2 za maji.

Ushongo iko ng'ambo ya mto, upande wa Bweni. Ukifikia mjini Pangani boti lazima itoke kwenye mlango wa mto, na mlango ule una kina kifupi. Maji ya mto yakitoka yakakutana na upepo wa baharini, mawimbi husimama palepale mlangoni. Kwa familia, lala Ushongo.

Mvua: Pasaka ni mlango wa masika. Weka akiba ya siku moja kwa mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini ya Tanga, barabara ya Horohoro. Ni mapango ya mawe ya chokaa, unaingia na mwongozaji. Vaa viatu vyenye meno, sakafu ina utelezi na kuna sehemu mtu mzima anainama. Chukua tochi yako mwenyewe, ya simu haitoshi.

MtokaBara

Na yule samaki wa kale wa Tanga, anaonekana?

TungiLaMaji

Silakanti? Hapana. Anaishi chini sana, mara nyingi zaidi ya mita 100, kwenye miamba yenye giza. Wavuvi walianza kuwanasa kwa nyavu za kina kirefu kuanzia 2003, na hifadhi ya bahari yenye jina lake ikaanzishwa 2009. Akikuuzia mtu "safari ya boti ya kumwona silakanti", anakuuzia safari ya boti.

BintiVanga

Nami niongeze za Kenya kusini. Shimoni iko kama kilomita 75 kutoka Mombasa. Zamani ilikuwa lazima feri ya Likoni, sasa barabara ya Dongo Kundu inakuvusha bila foleni ukitokea upande wa Mariakani au uwanja wa ndege.

Kisite na Mpunguti ni hifadhi mbili zilizoshikana: Kisite ni mbuga, kilomita za mraba 28, kuvua ni marufuku kabisa, Mpunguti ni akiba, kilomita za mraba 11, wenyeji wanavua kwa njia za kienyeji. Kiingilio hulipwa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, hawashiki pesa mkononi. Lipa ukiwa bado na mtandao mzuri, sio gatini Shimoni boti ikikungoja. Pia tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani, beba chupa ya kudumu.

Wakati: Novemba mpaka Machi bahari imelala na maji ni safi. Aprili hadi Julai kusi (upepo wa kutoka kusini) inavuma, mvua imemwaga matope, unaona mikono yako tu. Julai hadi Oktoba nyangumi hupita huku, bahari ina mawimbi lakini kwa anayetaka nyangumi ndio wakati wake. Pomboo wapo mwaka mzima. Mwambie nahodha mapema kwamba boti isiwakimbize wala kuwakata njia. Ikienda sambamba nao kwa mwendo wa pole, mara nyingi wanakuja wenyewe.

Watu wengi hupita Wasini kwa chakula cha mchana tu wakarudi. Wanakosa bustani ya matumbawe nyuma ya kijiji. Ni matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu, yamechongwa na maji mpaka yakawa minara mirefu kuliko mtu, na mikoko imeota katikati. Kina mama wa kijiji wanaendesha njia ya mbao inayopita juu yake, kuna ada ndogo inayobaki kijijini. Bamvua ikijaa, bahari huingia mpaka ndani ya bustani. Basi una chaguo: saa 4 asubuhi ya bamvua unaona sakafu, kaa na mizizi, saa 10 jioni unaona minara imesimama majini. Kama una usiku mmoja Wasini, ona zote mbili. Kijiji ni cha Waislamu na hakina magari. Nguo za kuogelea zibaki kwenye boti.

KaaWaMida

Watamu na Malindi ndizo hifadhi za bahari za kwanza Kenya, 1968. Kila mtu anazijua, sitarefusha. Nitasema Mida.

Hori la Mida lina mlango mwembamba, kwa hiyo maji ya ndani huchelewa nyuma ya bahari. Ukisoma jedwali la Mombasa na kwenda kwa saa hiyo, utakuta hori bado linamwaga. Anayekwenda kwa ndege wa pwani asiende maji makavu kabisa, maana ndege wametawanyika kwenye tope mbali, unaona nukta. Nenda maji yakianza kuingia: yanawasukuma taratibu kuja upande wa daraja la kamba na kibanda cha kutazamia. Saa mbili kabla ya kujaa wako karibu hata bila darubini nzuri. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili utaona kundi la ndege weupe na weusi wenye mdomo mweusi mnene wanaokula kaa tu. Hao huzaliana kwenye mashimo ya mchanga pwani za Uarabuni, Oman ikiwemo, halafu wanakuja kukaa miezi ya baridi ya kwao huku kwetu. Wasomaji wa Maskati, ni ndege wenu.

Mtumbwi wa kupita kwenye mikoko ni wakati wa maji kujaa, si mwingine. Kwa hiyo ukitaka ndege na mikoko siku moja, anza na ndege, mtumbwi ufuate.

Kilifi: usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, maji ya hori hutoa mwanga ukiyapiga kwa mkono. Ni viumbe vidogo sana vinavyowaka vikiguswa. Mwezi mpevu unaua kila kitu, hata wenye boti wakikwambia vinginevyo. Chagua kati ya mwezi 25 na mwezi 3.

Marafa, korongo la udongo mwekundu, mweupe na rangi ya chungwa nyuma ya Malindi, si pwani lakini ni mwendo wa nusu siku. Shuka chini baada ya saa 10 jioni. Mchana joto linakaa humo na halitoki.

SheheWaMtandaoni

Mnatutisha na mahesabu. Watu wanakwenda Nungwi bila jedwali lolote na wanarudi salama.

Bamvua15

Nungwi na Kendwa ni kweli, kina kiko karibu na ufukwe, unaogelea saa yoyote. Ndiyo maana hoteli zimejaa huko. Nenda Paje au Jambiani na mpango huohuo: saa 4 asubuhi ya bamvua bahari imerudi mpaka karibu na mwamba, ni mchanga na mashamba ya mwani tu. Anayetaka kuogelea analalamika. Anayejua anavaa raba na kwenda kuwaona kina mama wakifunga mwani kwenye kamba, maana kazi hiyo hufanyika bamvua tu. Pita pembeni ya vigingi, usikanyage kamba, na omba ruhusa kabla ya picha.

PwaniMchangani

Niongeze upepo kwa Unguja na Pemba, maana watu huchanganya. Kaskazi, Desemba hadi Machi, inapiga Nungwi na pembe ya kaskazini. Kusi, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, inapiga mashariki yote: Matemwe, Paje, Makunduchi. Magharibi imekingwa na kusi. Kwa hiyo safari ya Julai, lala magharibi au kaskazini magharibi. Oktoba, Novemba na Machi mwanzoni, upepo ukilegea, ndiyo miezi ya maji safi kuliko yote.

Fungu la Nakupenda mbele ya Mji Mkongwe linatangazwa kama la siku nzima. Maji yakijaa halipo. Boti nyingi hupeleka watu Changuu kwanza kwa kobe (wa asili ya Shelisheli, waliletwa 1919), kisha fungu, au kinyume, kufuata maji. Ukiona ratiba ya boti haibadiliki wiki nzima, basi siku nyingine utakula chakula chako ukiwa umesimama magotini kwenye maji.

Pemba ni Misali. Iko magharibi, imekingwa, na mwamba wake unashuka ghafla. Ukiogelea mita chache kutoka ufukweni chini panageuka buluu nzito. Asiyezoea kuogelea abaki upande wa ndani, na mwenye kuzoea aulize mkondo unaelekea wapi kabla ya kuruka.

Wa Ulaya na Uarabuni wenye pasipoti za nje: tangu 1 Oktoba 2024 Zanzibar inadai bima yake ya safari, ya kigeni haihesabiwi. Ilipie mtandaoni kabla hujafika.

PotweKilindoni

Mafia. Njia ni mbili: ndege ndogo kutoka Dar, au barabara mpaka Nyamisati kisha chombo cha kuvuka hadi Kilindoni. Gati la Nyamisati liko ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, kwa hiyo saa ya kuondoka hufuata maji. Ulizia siku moja kabla, na usiweke ndege ya kuunganisha Dar siku hiyohiyo ya kurudi.

Papa potwe huonekana Oktoba hadi Machi upande wa magharibi, karibu kabisa na Kilindoni, nje ya mipaka ya hifadhi ya bahari. Wanafuata uduvi na dagaa. Wengi ni madume ambayo hayajapevuka, bado ni wakubwa kuliko boti ya watu sita. Utaratibu unaofanya kazi: toka saa 1 asubuhi bahari ikiwa shwari, nahodha anatafuta pezi au ndege wanaozunguka, boti inasimama mbele ya samaki kwa umbali, mashine inazimwa, watu wanateleza majini bila kuruka. Kaa ubavuni, mita 3 au zaidi, mbali na mkia. Usimshike, usitumie mwanga wa kamera. Watu wakiruka kwa kishindo wote pamoja, anazama na hamumuoni tena. Weka asubuhi mbili au tatu za kumtafuta, hakuna mwenye kukuhakikishia siku moja.

Ghuba ya Chole ndiyo hifadhi yenyewe, ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania. Lango liko Utende, kilomita 14 kutoka Kilindoni kwa lami, na ada ni ya saa 24. Sasa sikilizeni, hapa maji ni kila kitu. Ghuba inajaa na kumwagika kupitia mlango wa Kinasi. Maji yakiingia yanaleta maji ya bahari kuu, safi mpaka unaona chini. Yakitoka yanabeba mchanga na uchafu wa mikoko, unaona mita chache tu, na mkondo unakuvuta nje kwenye bahari wazi. Kuzamia na kuogelea juu ya matumbawe ni maji kuingia, ukianza karibu na mwisho wake mkondo unapolegea. Bamvua mkondo wa Kinasi haufai kwa wanaoanza. Kwao maji mafu ni bora, hapa ndipo mahali ambapo maji mafu yana faida.

Kisiwani Juani kasa wadogo huanguliwa kuanzia Juni hadi Septemba hivi. Shirika la Sea Sense ndio wanaofuatilia viota na kujua kipi kimekaribia, kwa sababu mayai huchukua siku 55 hadi 60. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, wapo pia lakini wachache. Chole kuna popo wakubwa wanaoning'inia mchana mitini. Wasipigiwe makofi ili waruke kwa ajili ya picha, waongozaji wengine hufanya hivyo.

NjiaYaKusini

Kilwa haikosi kwenye uzi wa bandari. Dar hadi Kilwa Masoko ni kilomita 300 na ushei kwa lami, unakata kushoto Nangurukuru. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia Urithi wa Dunia 1981. Kabla ya kuvuka unalipia kibali Masoko, kwa namba ya malipo ya serikali, na unapewa mwongozaji. Bila kibali nahodha hakuchukui, na akikuchukua utarudishwa.

Kuvuka hadi Kisiwani kwa mashine ni robo saa hivi, kwa tanga inategemea upepo. Usiridhike na Gereza na Msikiti Mkuu ulio karibu na kijiji. Mwambie mwongozaji mapema kwamba mnataka Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 mashariki ya hapo, ukingoni mwa jabali juu ya bahari. Kuna bwawa la pembe nane na ngazi za kuteremka majini. Ukisimama hapo unaelewa kwa nini mji ulijengwa pale: mbele yako mlango wa kina kirefu unaoingiza vyombo, nyuma yako maji yaliyotulia. Ibn Battuta alitia nanga hapa 1331. Maji yakiwa makavu mwongozaji anaweza kukuteremsha chini ya jabali, na mkirudi Masoko boti iko karibu zaidi.

Songo Mnara ni siku nzima. Boti huishia kwenye mikoko, na kuanzia hapo ni miguu kwenye tope na maji, hadi magotini au zaidi kutegemea saa. Raba za kufunga kamba, si makubazi, tope linayavua. Fika maji yakiwa nusu yakipanda: boti inaingia ndani zaidi, mnatembea kidogo, na mnatoka kabla hayajakauka. Ukifika yakiwa yameanza kushuka, nahodha atabaki nje kabisa na wewe utatembea mara tatu ya umbali huo. Kusi kali, Juni na Julai, panga kurudi kabla ya saa 8 mchana.

TungiLaMaji

Hilo la kurudi mapema ni la pwani nzima. Asubuhi kuna upepo wa nchi kavu, mwepesi. Kuanzia saa 5 upepo wa bahari unachukua, na saa 9 ndio kilele. Hatari zaidi ni mlangoni mwa mwamba maji yakitoka dhidi ya upepo: wimbi ambalo nje ni la nusu mita, pale linasimama mara mbili na karibukaribu. Nahodha mzuri husubiri maji yageuke. Anayekwambia "tutapita tu" mshushe yeye bei, au tafuta mwingine.

Kabla hujapanda, hesabu kwa macho yako: jaketi la kuokoa kwa kila mtu, la mtoto liwe la mtoto, nanga yenye kamba ya kutosha, kopo la kufutia maji, makasia au tanga la akiba, mafuta ya kwenda na kurudi na theluthi moja juu. Simu kwenye mfuko usioingiza maji.

Majeraha: mwiba wa taa (samaki bapa anayelala mchangani) au wa samaki anayefanana na jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto ambayo mtu mwingine amejaribu kwa mkono na kuvumilia, nyuzi 45 hivi, dakika 30 hadi 90, joto linapunguza makali ya sumu. Kisha hospitali. Ukitembea kwenye maji ya kina kifupi, buruta miguu mchangani, taa huondoka. Ukinyanyua hatua, unamkanyaga mgongoni.

MwanaShela

Lamu kwa ufupi. Wengi wanakuja kwa ndege hadi Manda; wa barabara huishia Mokowe na kuvuka kwa boti, na waulize hali ya usalama njiani kabla ya kukata tikiti. Takwa, Manda: magofu ya mji uliohamwa karne ya 17, kaburi la mnara bado limesimama. Hori la kufikia hukauka kabisa. Bamvua ondoka Lamu saa 8 na nusu mchana, tembea magofu saa moja, na uwe ndani ya boti saa 11. Usimwache mwongozaji arefushe hadithi. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, nao kwa miaka mingi ulipitika maji kujaa tu. Ukikosa saa, ilikuwa ni kuzunguka nje baharini, na mwezi wa Juni hiyo si safari ya kupendeza.

NjiaYaKusini

Wa kusini kabisa: Mikindani ni ghuba karibu ya mviringo, maji yametulia hata kusi ikivuma nje. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho 1866, na boma la Wajerumani la 1895 liko juu ya mji. Panda saa 11 jioni uone ngalawa zinavyolala kwenye tope maji yakipwa, siku za mwezi 8 hadi 10. Msimbati ni ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma, ada inalipwa getini, barabara ni mchanga mwishoni. Gari la magurudumu mawili ya kuvuta litakwama. Punguza upepo wa matairi kabla hujaingia mchangani, si baada ya kuzama.

MtokaBara

Je, ndege isiyo na rubani ya kupigia picha naruhusiwa kuja nayo?

Bamvua15

Tanzania unahitaji kibali cha mamlaka ya anga kabla, na hifadhi ina ruhusa yake juu ya hicho. Kenya vilevile, ukiingia nayo bila kibali inaweza kubaki uwanja wa ndege. Hata kwa simu, usipige picha bandari ya Dar, Kilindini, wala maeneo ya jeshi la maji. Hata bandari za kale, Mombasa ya Forodhani na Malindi ya Unguja, uliza kabla ya kupiga picha, na wapagazi na mabaharia waombe kwanza. Kwa ile safari yenu: andika tarehe ya mwezi mpevu wa Pasaka hapa, tutakupangia saa za Maziwe siku kwa siku.